Africville, Kijiji Kinachokaliwa Kila Julai

Africville ilikuwa kijiji cha watu Weusi kwenye ncha ya kaskazini ya jiji la Halifax, katika jimbo la Nova Scotia, mashariki mwa Kanada. Nyumba zake zilishikilia mteremko unaoshukia ghuba ya Bedford, maji mapana yaliyotulia nyuma ya bandari ya Halifax. Kwa zaidi ya karne moja familia za hapo zilivua katika ghuba hiyo, zikabatiza waumini wao ndani yake, zikaogelea humo wakati wa kiangazi. Kati ya 1964 na 1970 jiji lilibomoa kila nyumba. Leo mahali hapo pana nyasi, daraja kubwa linalopita karibu, na kanisa dogo lililojengwa upya. Na kila mwaka, mwezi Julai, watu waliozaliwa hapo hurudi na watoto, wajukuu na vitukuu, wakapiga mahema na kuegesha magari ya kulala. Hawapigi mahema popote tu. Familia hukaa pale palipokuwa na nyumba yao.

Habari ya kijiji hiki inaanzia kwenye ardhi iliyoahidiwa. Wakati wa vita vya uhuru wa Marekani, Waingereza walitangaza kwamba mtumwa wa waasi atakayekimbilia upande wao atakuwa mtu huru. Waingereza waliposhindwa vita hivyo, Weusi wapatao 3,000 walisafirishwa kwa meli hadi Nova Scotia mwaka 1783, pamoja na ahadi ya kupewa mashamba. Wengi walisubiri kwa miaka bila kupata chochote, na waliopata walikatiwa vipande vya mawe na vinamasi. Mwaka 1784, katika mji wa Shelburne, askari Weupe waliokuwa wameachishwa jeshi waliwavamia Weusi, wakabomoa nyumba zao na kuwafukuza kwenda Birchtown, makazi ya Weusi yaliyokuwa jirani. Kosa la Weusi hao lilikuwa kwamba walifanya kazi kwa ujira mdogo, yaani ujira ambao mji wenyewe ulikubali kuwalipa.

Mwaka 1792 karibu watu 1,200 kati yao walikata tamaa na ahadi hizo. Walipanda meli 15 katika bandari ya Halifax, katikati ya majira ya baridi, wakavuka Atlantiki na kuanzisha mji wa Freetown nchini Sierra Leone. Jina la Freetown linajulikana kote Afrika, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba mji huo wa pwani yenye joto uliasisiwa na watu waliotoka kwenye theluji ya Kanada wakiwa wamechoka kudanganywa.

Wimbi jingine la Weusi lilikuja baada ya vita vya 1812 kati ya Uingereza na Marekani. Kati ya 1813 na 1816 watu kama 2,000 waliotoroka utumwa Marekani walifikishwa Nova Scotia. Wengi waliwekwa Preston na Hammonds Plains, nje ya Halifax, kwenye ardhi yenye mawe mengi na udongo haba. Walipewa vibali vya kukaa, si hati za kumiliki. Jambo hili dogo la karatasi lina uzito mkubwa katika yote yaliyofuata. Mwenye kibali hana kitu cha kuuza, hivyo hawezi kuhamia penye udongo bora. Akibaki, shamba halimlishi. Watu walizoea kutembea hadi Halifax kuuza matunda ya porini, mifagio na vikapu, au kutafuta kibarua, kisha jioni wakarudi kwa miguu.

Kutoka miongoni mwa watu hao ndipo Africville ilipozaliwa. Mwaka 1848 wanaume wawili Weusi, William Brown na William Arnold, walinunua viwanja kando ya ghuba ya Bedford. Walinunua. Pesa zilitoka, na hati ikaandikwa. Mahali hapo palikuwa na sababu nzuri za kupendwa: samaki walikuwa hatua chache kutoka mlangoni, na mji wenye kazi haukuwa mbali. Mwaka uliofuata, 1849, wakazi walianzisha kanisa. Kijiji kwa muda mrefu kiliitwa kwa jina la barabara yake, Campbell Road, na jina Africville likaja kuzoeleka baadaye.

Kanisa hilo, ambalo baadaye lilijulikana kama Seaview African United Baptist, lilikuwa sehemu ya mtandao mpana. Mwaka 1854 mchungaji Richard Preston, ambaye mwenyewe alitoroka utumwa Virginia, aliunganisha makanisa ya Wabaptisti Weusi ya Nova Scotia kuwa jumuiya moja. Makanisa hayo yalifanya kazi ambazo serikali haikuzifanya. Ndani yake ugomvi wa majirani ulisuluhishwa, wajane walichangiwa, na watoto walijifunza kusoma. Africville haikuwa na diwani wake wala ofisi ya jiji, bali ilikuwa na mashemasi. Alfajiri ya Pasaka waumini waliimba kanisani hadi jua lilipochomoza juu ya ghuba, na watu wa mjini, Weusi kwa Weupe, walikuja kusikiliza. Wakati wa ubatizo msafara wa watu waliovaa nguo nyeupe ulishuka mteremko hadi majini. Mtu aliyebatizwa katika ghuba ya Bedford alikuwa mtu wa mahali hapo kwa namna ambayo hakuna rejista ya ardhi inayoweza kuandika.

Ardhi yenyewe ilirithishwa kwa mtindo wa kifamilia. Kijana akioa, baba alimwonyesha sehemu ya kiwanja, akajenga. Binti akirudi na watoto, chumba kiliongezwa upande wa nyuma. Mipaka ilijulikana kwa uzio, kwa mti, kwa kumbukumbu ya wazee. Vizazi vitatu au vinne baadaye, nyumba nyingi zilikuwa juu ya ardhi ambayo kila jirani alijua ni ya nani, ingawa jina kwenye hati, kama hati ilikuwepo, lilikuwa la babu aliyekufa zamani. Yeyote aliyekulia katika ardhi ya ukoo anaelewa utaratibu huu bila kuelezwa. Unafanya kazi vizuri kabisa, hadi siku atakapokuja mtu mwenye mamlaka asiyetambua ushahidi mwingine ila karatasi.

Kijiji hakikuwa kikubwa. Kabla ya kubomolewa kilikuwa na watu kama 400. Lakini kutoka hapo alitoka George Dixon, aliyezaliwa 1870, bondia ambaye mwaka 1890 alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika ndondi. Katika shule ya Africville alifundisha mwimbaji Portia White kabla sauti yake haijampeleka kwenye majukwaa ya Toronto na New York. Timu ya kijiji ya hoki ya barafu, Sea-Sides, ilicheza katika ligi ya Weusi ya Nova Scotia iliyoanzishwa 1895, zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanzishwa kwa ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Watoto walijifunza kuteleza juu ya barafu kwenye bwawa la Tibby, na majina ya aina hiyo, ya bwawa, ya kona, ya kiwanja, ambayo hayakuwemo kwenye ramani ya jiji, ndiyo waliyokua nayo.

Jiji kwa upande wake lilikiona kijiji kama pembe ya kuwekea visivyotakiwa kwingine. Katika miaka ya 1850 reli ilipitishwa katikati ya makazi. Baadhi ya nyumba ziliondolewa, na zilizobaki zikaishi na masizi, kelele na hatari ya treni iliyopita karibu na mlango. Mashimo ya kumwagia kinyesi kutoka vyoo vya mjini yaliwekwa jirani. Jela ilijengwa kwenye kilima cha juu. Hospitali ya magonjwa ya kuambukiza ilifuata, kisha machinjio na viwanda vyenye harufu. Na katikati ya miaka ya 1950, jiji lilihamishia dampo lake la wazi karibu kabisa na nyumba za Africville, baada ya watu wa sehemu nyingine kukataa lisiwekwe kwao.

Wakazi wa Africville walilipa kodi kwa jiji hilo hilo. Waliandika maombi mara nyingi, kizazi baada ya kizazi: mabomba ya maji, mfereji wa majitaka, lami, taa za barabarani, ulinzi wa polisi. Hawakupata. Mabomba yalifika mitaa ya jirani lakini hayakuvuka kwenda kwao. Walitegemea visima, na visima vilipochafuka pakawekwa kibao cha kuwakumbusha watu wachemshe maji kabla ya kunywa na kupikia. Moto ulipowaka, hapakuwa na maji ya kuuzima. Mlipuko mkubwa wa bandari ya Halifax wa tarehe 6 Desemba 1917, uliotokana na kugongana kwa meli iliyobeba baruti, uliua karibu watu 2,000 na kuharibu upande wote wa kaskazini wa mji. Africville nayo iliharibika. Mtaa wa jirani wa Richmond ulijengwa upya kwa mpango na fedha za misaada. Africville ilijijenga yenyewe kwa mikono na mbao zilizopatikana.

Hapa ndipo neno ustahimilivu linapohitaji kushikwa kwa uangalifu. Jamii za Weusi husifiwa sana kwa kustahimili, na sifa hiyo ni ya haki: watu wa Africville walichimba visima vyao, walijitengenezea barabara, walilindana, walikwenda kwenye dampo wakaokota mabati, shaba na mbao ambazo wengine walizitupa, wakatengeneza au kuuza. Lakini kila walichojifanyia kiligeuzwa kuwa sababu ya kutofanyiwa. Kwa kuwa waliweza kuishi bila bomba, bomba lilisubiri. Kiswahili kina methali nyingi za kusifu subira, na kila moja inachukulia kwamba mwisho wake yapo matunda. Kwa Africville, subira ya miaka 100 ilizaa hali duni ambayo jiji lilikuja kuitaja kama ushahidi dhidi ya wenyeji. Magazeti yaliandika juu ya mtaa mchafu kando ya dampo kana kwamba nyumba ndizo zilizohamia kwenye dampo. Mtoto wa Africville aliyepelekwa shule za mjini baada ya shule ya kijiji kufungwa mwaka 1953 aliitwa mtoto wa jalalani, na watoto wengi wa kijiji waliingizwa katika madarasa ya wanaodhaniwa kuwa wazito wa kuelewa. Kustahimili ubaguzi si sawa na kupona madhara yake. Mtu anaweza kubeba mzigo kwa ustadi mkubwa na bado mzigo ukampindisha mgongo.

Uamuzi wa kukiondoa kijiji ulikomaa polepole. Mwaka 1947 baraza la jiji lilitenga eneo hilo kuwa la viwanda, wakati watu wanaishi humo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maofisa wa mipango walipendekeza wakazi wahamishwe, na baraza likamwomba Albert Rose, profesa wa Toronto aliyebobea katika mambo ya makazi, atoe ushauri. Alifika Halifax mwishoni mwa 1963 kwa ziara fupi, akaiunga mkono hoja ya kuhamisha. Januari 1964 baraza lilipitisha mpango huo.

Jambo linaloumiza zaidi katika sura hii ni lugha iliyotumika. Hakuna aliyesimama barazani akasema Weusi hawatakiwi. Ilikuwa miaka ya kupigania haki za Weusi kusini mwa Marekani, na watu wa Halifax walizungumza kwa dhati juu ya kukomesha utengano, kuwachanganya watu wa rangi zote, kuwapa familia nyumba zenye choo cha ndani na maji ya moto. Kamati ya haki za binadamu iliyokaa kati ya jiji na wakazi ilikuwa na wajumbe Weupe na Weusi, watu wa nia njema, wengi wao wasioishi Africville. Asiyekuwepo na lake halipo. Walihesabu vyumba, mabomba na dola. Kanisa waliliona kama jengo, ujirani wakauona kama msongamano, na utengano ambao wengine walikuwa wamewawekea Weusi wakaujumlisha pamoja na ukaribu ambao Weusi walikuwa wameujenga wenyewe, wakaufuta wote kwa kalamu moja. Bomba moja la maji lingetosha kuanza. Wakazi walikuwa wameliomba kwa miaka mingi.

Fidia ilifuata karatasi. Aliyekuwa na hati alijadiliana bei ya nyumba na kiwanja chake. Asiyekuwa na hati, hata kama babu yake alizaliwa hapo, alihesabiwa kuwa hana haki ya kisheria, akapewa dola 500 kwa sababu ya kile kilichoitwa dai la kimaadili. Majadiliano yalifanywa na nyumba moja moja, si na kijiji, na kila nyumba iliyokubali ilibomolewa mara moja, kwa hiyo aliyebaki aliona mazingira yake yakigeuka magofu siku hadi siku. Vyombo vya baadhi ya familia vilihamishwa kwa malori ya jiji ya kubebea taka. Kati ya mambo yote ya uhamisho huo, malori hayo ndiyo yanayotajwa kwanza na wazee wa Africville hata leo. Kabati, vitanda, picha za harusi na sufuria za mama vilipita katikati ya mji juu ya lori la takataka, mbele ya macho ya watu. Wapo pia waliosimulia kwamba nyumba zao zilivunjwa wakiwa hawapo, au wakiwa wamelazwa hospitali.

Usiku mmoja wa Novemba 1967 kanisa la Seaview lilibomolewa. Watu waliamka na kukuta halipo. Nyumba kadhaa zilikuwa bado zinakaliwa, lakini kwa wengi siku hiyo ndiyo kijiji kilipokufa, kwa kuwa aliyekuwa bado anajiuliza kama abaki au aondoke hakuwa tena na pa kukutania na wenzake kujadili. Wa mwisho kuondoka alikuwa mzee Aaron Carvery, aliyeitwa Pa. Maofisa walimwita ofisini wakamwonyesha sanduku lililojaa noti ili akubali. Alichukizwa, akawaacha na sanduku lao. Alishikilia hadi Januari 1970, nyumba yake ilipoangushwa kama nyingine. Mwaka huo huo daraja jipya la MacKay lilifunguliwa, na barabara zake zikapita sehemu ya ardhi hiyo. Viwanda vilivyotajwa katika mipango havikuwahi kujengwa mahali zilipokuwa nyumba nyingi.

Kilichofuata kilichunguzwa na wanasosholojia wawili, Donald Clairmont na Dennis Magill, ambao kazi yao ilitoka kama kitabu mwaka 1974. Watu waliokuwa na nyumba zao, hata kama zilikuwa hafifu, waligeuka wapangaji. Wengi walipelekwa kwenye nyumba za umma za Uniacke Square na majengo mengine yaliyochakaa ambayo nayo yalikuwa yanasubiri kubomolewa. Kodi ya pango ilidai fedha taslimu kila mwezi, na sasa hapakuwa na ghuba ya kuvua wala bustani ya mboga. Programu za kuwasaidia waliohamishwa hazikudumu. Jirani aliyezoea kumwachia mwenzake mtoto alikuwa mtaa mwingine. Katika bajeti ya jiji, hasara hizi hazikuwa na safu ya kuandikiwa. Mwanamke aliyelea watoto saba kwenye chumba chenye bomba la maji ya moto alikuwa, kwa takwimu za jiji, amenufaika.

Hata hivyo kijiji hakikukubali kuisha. Mwaka huo wa 1970 Eddie Carvery, kijana aliyezaliwa hapo, alirudi akapiga hema kwenye ardhi iliyobomolewa na kukataa kuondoka hadi haki itendeke. Kwa miongo kadhaa, akiungwa mkono na ndugu yake Victor, aliishi hapo katika mahema na trela, akiondolewa na kurudi, katika baridi ambayo inaweza kumuua mtu. Wengi walimwona kama mtu wa ajabu. Lakini kukaa kwake kulilifanya jiji lishindwe kusema kwamba Africville imesahauliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanawake watatu waliokuwa marafiki tangu utoto wao Africville waliamua kuwakusanya watu. Kutokana na juhudi zao ilianzishwa jumuiya ya nasaba ya Africville, na kuanzia 1983 mkutano wa kila mwaka wa kiangazi ukaanza. Jina la jumuiya lenyewe lilitaja nasaba, na hapo pana busara. Mji ulikuwa umewauliza watu hao hati gani wanayo. Wao wakajibu kwa kupanga nani ni mtoto wa nani, alikaa nyumba ipi, alioa kwa nani. Ramani ya kijiji ilirudi kwanza kama orodha ya majina. Kisha ikarudi ardhini. Jiji lilikuwa limegeuza eneo kuwa bustani ya umma, Seaview Park, na juu ya nyasi hizo familia zilianza kupiga mahema yao mahali zilipokuwa nyumba, zikitumia kama alama mteremko, jiwe, umbali kutoka reli. Wanapika, wanacheza karata hadi usiku, wanasalimiana hema kwa hema kama zamani nyumba kwa nyumba. Jumapili wanaabudu. Kwa siku chache kijiji kina mitaa yake, na mtoto akitumwa kwa fulani anajua aelekee upande gani.

Kumbukumbu hiyo ilianza kuonekana hadharani. Maonyesho kuhusu Africville yalifunguliwa Halifax mwaka 1989 na baadaye yakazunguka sehemu nyingine za Kanada. Mpiga kinanda Joe Sealy, ambaye baba yake alizaliwa Africville, alitunga muziki wa jazi kwa ajili ya kijiji hicho, na santuri yake ikapata tuzo ya taifa ya Juno mwaka 1997. Mwaka 1996 serikali ya Kanada iliitangaza Africville kuwa eneo la kihistoria la taifa. Mwaka 2004 mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi, Doudou Diène wa Senegal, alitaka suala la fidia kwa Africville lishughulikiwe. Wakati huo huo sehemu ya bustani ilitumika kama uwanja wa kuachia mbwa wakimbie bila kamba, na wana wa Africville walilazimika kueleza, mara nyingi, kwa nini hilo liliwaumiza. Mbwa walikuwa wakikojoa mahali ambapo bibi zao walipikia.

Tarehe 24 Februari 2010 meya wa Halifax, Peter Kelly, aliomba radhi kwa niaba ya jiji. Pamoja na radhi hizo zilitolewa dola milioni 3 na kipande cha ardhi kwa ajili ya kujenga upya kanisa la Seaview. Miezi miwili baadaye jimbo la Nova Scotia lilitoa msamaha wa kisheria kwa Viola Desmond, mfanyabiashara Mweusi wa Halifax aliyekamatwa mwaka 1946 kwa kukaa kwenye kiti cha sinema kilichotengwa kwa Weupe. Alikuwa amekufa tangu 1965. Nova Scotia ilikuwa inaanza kusoma upya kurasa zake yenyewe. Mwaka 2011 bustani ilirudishiwa jina la Africville, na kanisa jipya, lililojengwa kwa kufuata umbo la lile la zamani, lilifunguliwa. Sasa ni makumbusho.

Radhi hizo hazikupokelewa kwa moyo mmoja. Makubaliano hayakuwa na malipo kwa mtu mmoja mmoja, na baadhi ya waliohamishwa walisema wazi kwamba hawakuulizwa kabla ya jumuiya kukubali. Walitaka malipo ya ardhi, si jengo la kumbukumbu. Wengine waliona kwamba wazee walikuwa wanakufa mmoja baada ya mwingine na kwamba kanisa lililo mkononi ni afadhali kuliko kesi isiyokwisha. Mgawanyiko huu haupaswi kufichwa kwa ajili ya kupamba simulizi. Jamii iliyodhulumiwa haina wajibu wa kukubaliana juu ya bei ya dhuluma, na wale wanaosema deni halijalipwa wana hesabu iliyo sahihi: viwanja vilichukuliwa, na viwanja havijarudishwa kwa wenyewe.

Ardhi ya Africville bado ni bustani ya umma. Kisheria, wanaopiga mahema hapo Julai ni wageni katika mali ya jiji. Wengi wao hawajawahi kuishi hapo hata siku moja. Walizaliwa Halifax, Toronto au Montreal baada ya tingatinga kumaliza kazi. Wazee huwashika mkono na kuwatembeza: hapa palikuwa na ngazi, hapa dirisha la jikoni lililotazama maji, hapa njia ya kwenda kanisani. Mtoto akishaonyeshwa, mwaka unaofuata hukimbia mbele na kufika wa kwanza, akaanza kutandaza turubai kabla wakubwa hawajashusha mizigo.